Likizo ya Kumtafutia Binti Yangu Wenzake

Siku ya kufunga shule, mwezi wa sita, mwalimu mkuu aliniita akaniambia nimtafutie binti yangu mahali pa kujifunza kuishi na wenzake. Akirudi vilevile alivyo, hatampokea tena. "Mahali gani, mwalimu?" nikauliza. Akainua mabega. Ni rahisi sana kumtuma mtu mahali usipopajua.

Mwanangu hakuwa mkorofi. Alikuwa hatulii tu. Ukimtuma maji anarudi na kinyonga, ndoo ameisahau mtoni. Anaingia mchezo wa wengine bila kuitwa, anauvuruga, kisha anashangaa kwa nini wanamkimbia. Siku hizi nasikia hali hiyo ina jina, na kuna nchi zenye makambi ya likizo kwa watoto wa namna hiyo. Miaka ile ya themanini, sisi wa Karatu tulisema ni utundu, au mapepo. Baba yake, dereva huko juu Ngorongoro, alikuja nyumbani mwisho wa mwezi na dawa moja tu, mkanda.

Nilianza parokiani, ambako sista aliwafundisha watoto kwaya wakati wa likizo. Siku ya pili alinirudishia mtoto yeye mwenyewe, amemshika mkono. Binti yangu alikuwa amefungua banda la sungura katikati ya wimbo. "Tutamwombea, mama," alisema. Nilikasirika, na hasira hiyo ninayo hadi leo. Sikuwa nimeomba sala, nilikuwa nimeomba nafasi kwenye benchi. Nikaenda hadi Oldeani, kwenye shamba la kahawa ambako dada yangu alikuwa kibarua na watoto wa vibarua walilelewa pamoja. Mlezi alimtazama anavyorukaruka mlangoni, akasema pamejaa.

Ikabaki zamu ya kuchunga. Kwetu, nyumba kadhaa jirani huchanganya ng'ombe, na kila siku nyumba moja hutoa wachungaji. Asubuhi wengine huleta ng'ombe wao kwenye boma lenye zamu. Wakati wa likizo watoto wengi walishinda malishoni. Niliwaomba majirani wamruhusu binti yangu aende kila siku, hata kama zamu si yetu. Wakakubali. Na siku za mwanzo, jamani, nilipumua. Ng'ombe akichepuka, yeye ndiye wa kwanza kumkimbilia, na jioni wenzake walimtania kwa kumpenda. Alinisimulia hayo yote hadi usingizi ukamchukua, tonge bado mkononi.

Kisha akamfuata kwale. Wenzake walikuwa wanakunywa maji kwenye chemchemi, wamemwachia alinde upande wa shamba la ngano. Waliporudi, ng'ombe walikuwa katikati ya shamba la mzee jirani yetu.

Nilimpelekea mzee debe la mahindi. Kwetu ukimtia mtu hasara unafidia, naye anapokea, mnakunywa pamoja, yanaisha. Mzee hakupokea. "Acha tu, mama. Mtoto ni mtoto," alisema kwa upole. Nilirudi na debe langu kichwani nikiwa na furaha, mjinga mimi, nikidhani nimesamehewa kuliko watu wote.

Zamu yetu ilipofika niliamka mapema, nikampa binti yangu uji na fimbo ya kuchungia, tukasimama kwenye lango la boma kupokea ng'ombe wa watu. Ukungu ulikuwa mzito. Tulisikia kengele zikipita njia ya juu, zikielekea nyumba nyingine. Hakuna aliyekata kona kuja kwetu. Ndipo nilipolielewa lile debe: mtu anayetaka kuendelea nawe hupokea fidia yako.

"Mama, wamechelewa," alisema.

"Wamechelewa," nikasema.

Akabaki langoni na fimbo yake. Jua likatoka, ukungu ukaisha, naye bado amesimama palepale, ametulia kuliko mtoto yeyote niliyewahi kumwona. Nilitamani akimbie. Mfukuze kuku, nilisema moyoni, vunja chungu, fanya lolote mwanangu. Hakugeuza hata shingo.