Kopo la Urea

Juzi nilimwona kijana mmoja wa kijiji cha Suma akimwagia mahindi mbolea ya urea juani, nikakumbuka shamba letu la ngano nilipokuwa mtoto.

Mama alikuwa na kopo moja tu la urea, alilopimiwa dukani Tukuyu. Kila asubuhi aliutazama mlima Rungwe, akasema, "Bado." Nilidhani anauomba mlima ruhusa, kumbe alikuwa akitafuta wingu la mvua. Ngano ingali changa ilikuwa inageuka njano kwa kukosa mbolea, nami niliihurumia. Mchana mmoja, mama akiwa sokoni, niliimwagia kopo zima kwenye udongo mkavu. Harufu yake ilinichoma pua.

Baada ya siku chache majani yaliungua. Mama alichuchumaa, akayagusa.

"Umeipa chakula bila maji, mwanangu."

Jioni ile mvua ilinyesha. Mama alikaa mlangoni akiitazama, kopo tupu mapajani.