Chenga Usoni pa Mjomba

Ipo asubuhi moja ya ukungu kule Mgeta ambayo naikumbuka kila nikikuona, mwanangu, unavyohangaika na kompyuta ili video yako iwe na ukali wa filamu za zamani, zile za giza zito na mikwaruzo. Na mimi niliutaka sana ukali huo.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, miguu haitulii mji mmoja. Nikarudi mlimani na kamera ndogo ya kidijitali kumpiga picha ya video mjomba wangu, Kobelo. Unajua kwetu Waluguru, tunaofuata ukoo wa mama, mjomba ni nani. Ujanani alizunguka na gari la sinema, akitundika shuka jeupe vijijini. Sasa macho yake yalikuwa yanafifia, na hospitali walishamwambia kuwa nuru inayoondoka hairudi.

"Nimewaonyesha watu sura za wengine miaka yote," aliniambia. "Na mimi nijione, japo mara moja."

Nilimpiga picha uwanjani, jua la utosini. Ikatoka safi mno, inang'aa kama tangazo la sabuni. Nikashuka Morogoro mjini kwa rafiki yangu Rehema, mwenye kompyuta, nikaimwagia kila kitu: mikwaruzo, rangi ya udongo, na chenga tele, zile punje zinazochezacheza kwenye televisheni isiyoshika mawimbi.

Rehema akacheka. "We, hii ni filamu au mchele wa Dakawa haujapepetwa?"

Sikumsikiliza. Asubuhi ile ya ukungu nikapanda mlima na kompyuta yake ya mpakato begani, nikamwekea mjomba. Alisogeza uso hadi pua ikakaribia kioo. Akafuta macho kwa pindo la shati, akatazama tena.

"Mpwa wangu," alisema polepole, "ndiyo macho yamekwisha? Naona chenga tupu."

Mwanangu, sijasahau sauti ile.

"Hapana, mjomba. Chenga nimeziweka mimi."

"Umeziweka? Makusudi?" Akacheka. "Bwana wee! Sisi tulifuta vumbi kwenye filamu kwa kitambaa, wewe unalipanda kama njegere!"

Nikamwambia nitairudia, nikaomba macho yake yanisubiri. Nikamwita Rehema, akapanda na basi la mboga. Safari hii tuliingia jikoni, kwenye dirisha moja dogo na moshi wa kuni. Tukamgeuza mjomba bega lielekee dirishani, nusu ya uso ikapata mwanga, nusu ikabaki gizani. Nikapunguza mwanga unaoingia kwenye kamera mpaka masizi ya ukutani yakawa meusi kweli. Mara ya kwanza giza likammeza. Tukarudia, moshi ukazidi, Rehema akakohoa katikati ya maneno ya mzee. Tukarudia tena. Mjomba alichoka, sisi tukachoka, hakuna aliyesema tuache. Kwenye kompyuta Rehema alififisha rangi kidogo, kisha akanyunyiza chenga chache kwenye vivuli tu. Uso hakuugusa.

Mjomba alitazama bila kufuta macho.

"Mbona huyu mzee ana makunyanzi kama matuta ya mashamba ya Nyandira?" akauliza. Kisha akasema, "Rudia." Tukarudia. "Rudia tena." Mwisho akaegemea ukuta. "Haya. Sasa giza lije tu, nimeshajiona."

Lilikuja, kabla ya masika mengine. Tangu hapo nimeishi miji mingi, na picha ile nimehama nayo kote.

Kwa hiyo nakuambia, mwanangu: ukali wa picha uanze nao kwenye mwanga, kabla hujawasha kompyuta. Tafuta dirisha, moshi, ukungu. Liache giza liwe giza. Chenga zikija, zikae kwenye vivuli, na uso wa mtu uuache uonekane. Ukikosea, panda mlima ukarudie, hata kama mgongo unauma.

Mungu akulindie macho yako mpaka uzeeni, na akujalie mtu wa kukaa mbele ya kamera yako, aitazame kazi yako, akuambie, "Rudia."