Kifaru kimepotea sebuleni

Leo mama mkwe kanishinda kwa swali moja tu.

Mnajua mie huwa naunda vifaru vya jeshi vya plastiki. Hiki kipya ni kidogo, saizi ya kiberiti. Nimeshakipaka rangi ya chini, nyeupe. Bado mabaka.

Ishu ni hapo. Kijani na nyeusi, kama cha msituni? Au kahawia na mchanga, kama cha jangwani? Rangi niliyonayo inatosha mara moja, nikikosea ndiyo basi.

Nikamuuliza mama mkwe, kaja Chamazi kutusalimia.

"Hayo mabaka ya nini, baba?"

"Ya kujificha, mama. Kisionekane."

"Kwani kitakaa msituni?"

"Hapana, kitakaa juu ya kabati la tivii."

"Sasa sebuleni kitajifichaje kwa rangi ya majani?"

(Nyie mngejibuje?)

Nikakiweka kabatini, juu ya kitambaa cheupe alichotufumia mwenyewe, nikaenda kuchukua brashi.

Kurudi, kifaru hakipo. Nimeinua mito ya kochi yote. Nimeuliza nani kakichukua.

Mama mkwe anafuma tu, hata hakunitazama.

"Kipo palepale ulipokiweka, baba."

Kweli, kipo. Katikati ya kitambaa.

Brashi nimeirudisha kwenye kopo, kavu.