Viwiko vya Mama Mkwe

Mimi ni mtu wa kochi. Nasema mapema nisije nikadhaniwa mwanamichezo. Kwa wiki mwili wangu una safari tatu: kazini Fairfax ninakotunza wazee, kanisani, na duka la Mhabeshi hapa Silver Spring, Marekani, kununua unga na ndizi. Safari nyingine zote nazifanya kwa rimoti.

Ila mpira wa kikapu naujua. Niliupenda nikiwa sekondari, kwa mikanda ya video tuliyoangalia kwa jirani mwenye deki. Enzi zile mtu akiruka kwenda kufunga anakutana na kifua kipana kama mlango wa ghala. Anaanguka, anainuka, anajipangusa, anarusha mitupo yake miwili ya adhabu, maisha yanaendelea. Ngumi nazo zilikuwepo, mbele ya watu waliolipa kiingilio. Siku hizi mtu akiguswa bega anajitupa kama kapigwa na umeme. Filimbi inalia, marefa wanaenda kuikodolea macho skrini kama madaktari mbele ya eksirei. Wawili wakipandishiana hasira, wenzao wa benchi hawathubutu kuinua unyayo, maana ukiingia uwanjani tu umefungiwa. Mechi ikiisha wanakumbatiana na kuulizana hali za watoto. Na mimi, ambaye hata mbu sijawahi kumpiga nikampata, huwa nimelala kwenye kochi nikifoka, "Laini! Laini nyie!"

Majira ya kuchipua mwaka huu mama mkwe akaja kututembelea kutoka Tanzania, akakaa pale pale kwenye kochi.

Kwetu mwanamume hakai kochi moja na mama mkwe wake. Hapazi sauti mbele yake, hanyooshi miguu, na mambo ya ugomvi hayashabikii. Sasa fikiria nyumba ya vyumba viwili, kochi moja, runinga moja, na hatua ya mtoano ndiyo kwanza imeanza. Timu yangu, ambayo kwa miaka ilinifanya nicheke kinafiki nikitaniwa kazini, safari hii ilikuwa inashinda. Nilitaka kitu kimoja tu duniani: kuiona.

Nikapata ujanja. Chini ya jengo letu kuna chumba cha kufulia. Kila siku ya mechi nikawa nabeba kapu la nguo, nashuka, nachomeka shilingi zangu za Kimarekani kwenye mashine, naangalia mechi kwenye simu. Nguo zilipokwisha nikafua blanketi. Blanketi lilipotakata nikalifua tena.

"Umepata mume, mwanangu," nilimsikia mama mkwe akimwambia mke wangu jikoni. "Anafua kuliko wewe."

"Mama, huyu? Miaka tisa hajafua hata leso." Mke wangu akanigeukia. "We baba, umeokoka upya?"

"Usafi ni jambo jema," nikajibu, nikabeba kapu langu. Sifa zilikuwa zimeshanifunga. Ningeachaje kufua?

Mechi ya mwisho, ile ya kuamua nani asonge mbele, ilikuwa Jumapili alasiri. Mke wangu, ambaye ni nesi, alikuwa zamu ya asubuhi. Nikala haraka, nikabeba blanketi, nikashuka. Mlangoni kwa chumba cha kufulia kulikuwa na karatasi: mashine zinatengenezwa, njooni Jumanne. Na mlango umefungwa kwa kufuli.

Nilisimama pale nimelikumbatia blanketi kama mgonjwa aliyefukuzwa wodini. Kisha nikapanda, nikalirudisha kwenye kapu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Si tumeamkiana asubuhi?"

"Ndiyo mama. Samahani, leo kuna mpira wa kikapu. Kama haitakusumbua..."

"Weka tu, baba. Mimi nitaangalia angalia."

Nikachukua stuli ya jikoni, nikaketi nyuma ya kochi, magoti pamoja, rimoti mkononi. Kwa muda mambo yalikwenda vizuri. Halafu wawili wakubwa wakagongana chini ya kikapu, mmoja akamsukuma mwenzake kifuani. Nikaona aibu kama vile mimi ndiye niliyesukuma. Haraka nikahamisha kwenda kwenye mapishi. Mzungu mmoja alikuwa anakaanga samaki. Niliporudisha, tayari watu wanarusha mitupo. Mama mkwe akashusha pumzi. Nikasema moyoni, maskini, ameudhika.

Mara ya pili vilevile: kiwiko, kelele, nikahamisha, samaki. Akashusha pumzi tena, ndefu zaidi.

Mara ya tatu zilikuwa zimebaki dakika chache, matokeo sare. Mchezaji wetu akaangushwa vibaya, akainuka macho mekundu. Kidole changu kikaenda.

"Baba," akasema mama mkwe bila kugeuka, "ukigusa hicho kitu tena nitasahau kwamba wewe ni mkwe wangu."

"Mama, nilidhani..."

"Ulidhani nini? Mimi nimecheza mpira wa pete chuo cha ualimu. Mlinzi."

"Lakini mama, mpira wa pete si hauruhusu kugusana?"

"Refa alikuwa na macho mawili," akasema, "na yote yalikuwa yanaangalia mpira." Akakunja mkono, akanionyesha kiwiko chake. "Hiki kimetoa watu wawili kwenye mashindano. Na wote walikuja harusini kwangu. Hawa wa leo wanapigwa picha kila pembe, watapigana saa ngapi?"

Hapo ndipo aliponieleza yote. Muda wote niliokuwa chini na blanketi, yeye alikuwa juu anaangalia mechi hizo hizo. Akisikia kapu langu linagonga ngazi, anahamisha anaweka kwaya. Alifikiri mkwe wake ni mtu mpole asiyependa fujo, anayekimbilia kufua.

"Njoo ukae huku mbele," akasema, "shingo yako itavunjika." Akachukua mito yote ya kochi, akaipanga katikati kama ukuta. Heshima ikabaki upande wake, mimi upande wangu, na miguu nikainyoosha kwa ruhusa.

Mke wangu alifungua mlango akiwa bado na sare za hospitali, mkoba mkononi, uso wa hofu.

"Nawasikia tangu kwenye lifti! Nani anapigana?"

"Hakuna anayepigana!" mama mkwe akafoka, kidole kwenye runinga. "Ndicho tunachowaambia!"

"Laini!" nikadakia kutoka nyuma ya mito.

Timu yangu ilishinda kwa kikapu kimoja. Wachezaji wakakumbatiana, na mama mkwe akanipitishia mkono juu ya ukuta wa mito, nikaupokea kwa mikono miwili. Mke wangu alikuwa amesimama pale pale, ananiangalia mimi, halafu blanketi kavu kwenye kapu.

"Jumanne mashine zitakuwa zimepona," akasema. "Na nguo zangu za kazi ziko nyingi."