Vita vya Vietnam kwa Betri Mpya

Nilipochoka kubeba magunia Kawempe, nilipata kona ya kulala nyuma ya duka la mzee mmoja Bukoto. Babu zake walikuja kutoka pwani na biashara, na nyumbani kwake Kiswahili kilikuwa lugha ya kula na kugombana. Kwa majirani zetu Waganda, miaka ile ya utawala wa jeshi, kilikuwa lugha ya askari.

Mzee alikuwa na redio. Betri ziliadimika kama sukari, kwa hiyo alizianika juani juu ya bati, na jioni redio ikatoa sauti ya mgonjwa. Tuliinamisha masikio watatu: yeye, mimi, na fundi mwashi Mkenya aliyepanga chumba cha uani. Stesheni ya ng'ambo ilikuwa ikisimulia kwa Kiswahili, kipande kwa kipande, jinsi taifa kubwa lilivyoingia Vietnam. Kwanza walipeleka washauri. Halafu askari wa kuwalinda washauri. Halafu ndege, maana askari nao walihitaji kulindwa.

"Na ndege zitalindwa na nani?" niliuliza.

"Na wewe," Mkenya akasema. "Shule ulitoroka, kazi umetoroka. Hata wapiganaji wa msituni kule Vietnam hawatakukamata."

Mzee alicheka mpaka kofia ikamteleza. Kisha akatazama barabarani, kama tulivyozoea kufanya baada ya kucheka.

Jioni moja Mkenya alileta betri mpya, za magendo. Mzee akazitia, akafungua sauti yote. Siku hiyo waigizaji walikuwa wakiigiza askari wakiingia kijijini usiku. "Zingira nyumba! Toa watu nje!" Tulisikia kila neno, na tulifurahi.

Mke wa mzee alitoka kumwaga maji, akarudi mbio.

"Zima hiyo! Mama jirani amekimbia. Mlango uko wazi, matoke yanaungua jikoni."

"Amemkimbia nani?" mzee akauliza.

"Nyinyi!"

Sote tulijua habari za mwanamke yule. Mumewe alichukuliwa na watu waliosema Kiswahili, gari likaelekea kambi ya jeshi ya Mbuya, na hakuonekana tena. Alibaki na mtoto mchanga, na wiki hiyo mtoto alikuwa na homa kali. Mvua ilikuwa imenyesha mchana kutwa. Upande wa chini hapakuwa na pa kukimbilia ila kinamasi.

Tulishuka. Mkenya akaanza kuita, "Mama! Rudi, hakuna kitu!" Mke wa mzee akamziba mdomo kwa kiganja.

"Nyamaza! Ukiendelea hivyo atafika ziwani."

Akatuacha pale topeni, akaingia kwenye mafunjo peke yake, akiita kwa Kiganda, polepole, kama mtu anayebembeleza. Tulisimama, wanaume watatu tuliokatazwa kusema. Giza lilikuwa linakaribia. Nilitega sikio nisikie kilio cha mtoto, na sikukisikia.

Walitoka pamoja. Mwanamke alikuwa amelowa hadi kifuani, mtoto amemweka begani, maji yasimfikie. Mtoto akakohoa, kisha akalia.

Mzee alivua kofia. "Binti yangu, ilikuwa redio."

"Redio," mwanamke akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Redio nasema toa watu inje. Mimi nangoja nini, mzee?"

Mke wa mzee aliwalaza chumbani mwake, akampa mtoto dawa ya homa na kumkanda kwa maji. Kulipokucha homa ilikuwa imeshuka.

Lakini mwanamke hakutaka kulala tena nyumbani kwake. Hakutulaumu. Alisema tu kwamba ukuta kati yetu ni mwembamba, na kwamba ataenda kwa kaka yake kijijini. Lori lilipopatikana, tulimbebea kitanda hadi barabarani. Mkenya, ambaye Kiganda chake hakikuvuka salamu, alishika upande wake kimya, na mimi wangu.