Hita ya Kijiko cha Makete

Nakumbuka mchana mmoja wa joto kali pale mtaani Gerezani, Kariakoo, mwanangu, nilipokataa kumuuzia mtu hita. Usicheke. Najua mtu wa Dar akisikia habari za kupasha joto atakuuliza kama una homa. Lakini duka letu liliuza vipuri vya mitambo midogo ya ujenzi, na mitambo hiyo haibaki huku pwani. Inakwenda Njombe, inakwenda Makete, kule ambako asubuhi majani huwa meupe kwa barafu na dereva hushindwa kushika usukani kwa ganzi ya vidole.

Nilikuwa binti mdogo, nimeajiriwa na Mzee Ramnik, Mhindi wa Upanga aliyerithi duka kwa baba yake. Goti lake lilikuwa bovu, kwa hiyo alishinda kwenye kiti nyuma ya kaunta tangu kufungua mpaka kufunga. Yote ninayoyajua kuhusu vipuri alinifundisha akiwa amekaa palepale.

Siku hiyo aliingia mkandarasi, Bwana Sanga, pamoja na dereva wake Ezekia, mtu mzima mpole aliyebaki amesimama mlangoni. Walikuwa wanachimba mitaro ya mabomba ya maji huko Makete kwa kijiko kidogo, ile mashine ya kuchimbia, chenye kabini ya kumtosha mtu mmoja tu. Bwana Sanga alichagua hita inayochoma dizeli yenyewe. Nikamtolea, na bomba lake la moshi.

"Bomba acha," akasema. "Mashine ni ya kukodi. Mwenyewe hataki sakafu itobolewe."

"Sasa moshi utatokea wapi, kaka?"

"Atafungua dirisha kidogo."

Nikamtazama Ezekia. Alikuwa anaangalia viatu vyake. Mwanangu, ndani ya moshi ule mna sumu isiyoonekana wala kunusika. Dereva hufunga dirisha apate joto, usingizi ukamchukua, asiamke tena. Nikairudisha hita kwenye boksi lake.

"Bila bomba siuzi," nikasema.

Bwana Sanga aliniuliza kwa ukali kama duka ni la baba yangu, akatoka zake, Ezekia nyuma yake.

Nilijiona mkubwa kweli. Nikageuka nikitegemea kusifiwa.

"Umekataa, vizuri sana," Mzee akasema. "Sasa amekwenda wapi?"

"Sijui, Mzee. Maduka yapo mengi."

"Na watamuuzia. Yule dereva akifa kwa hita ya duka la jirani, wewe utafurahi kwamba haikuwa yetu?"

Akashika kaunta, akasimama. "Nipe mkono, binti."

Tukamwachia duka muuzaji mwenzangu, tukaingia mtaani. Mzee anachechemea, mimi namkinga na mikokoteni na wabeba mizigo, na kila mwenye duka anatutolea macho, maana hawakuzoea kumwona Mzee Ramnik nje. Tuliwakuta kwenye duka la tatu. Boksi la hita ya dizeli lilikuwa tayari juu ya kaunta.

Mzee hakugomba. Alimsalimia Bwana Sanga kwa heshima, akamuuliza kabini ina ukubwa gani, betri ni ya volti kumi na mbili au ishirini na nne, na kama injini inapozwa kwa maji. Alipojibiwa, akasema, "Basi chukua hita ya maji. Inapokea maji ya moto kutoka kwenye injini, feni inapuliza joto ndani. Haina moshi wake. Mipira yake ya kupitisha maji itapita kwenye tundu lililoachwa na kiwanda, limezibwa tu kwa kifuniko. Hutoboi kitu."

"Itachelewa kupata moto."

"Itachelewa. Injini iungurume kwanza, dereva anywe chai."

Ndipo Ezekia akafungua mdomo. "Bosi, anayekaa mle ndani ni mimi. Naomba hiyo ya maji."

Bwana Sanga akalisukuma boksi pembeni. Mwenye duka lile alikuwa na hita ya maji, na Mzee akamwambia Bwana Sanga ainunue palepale. Kabla hatujaondoka alinivuta mbele. "Huyu binti alikukatalia kwa sababu alimwona dereva wako."

Tulirudi mikono mitupu, mwanangu, na sijawahi kutembea Kariakoo kwa fahari kama siku ile.

Baridi ilipokwisha, Ezekia alishuka Dar akaja dukani na kiroba cha viazi, anataka kujua namna ya kuitunza hita. Nikamweleza ninavyokueleza wewe sasa: chujio la hewa lisafishwe vumbi mara kwa mara, mipira ikaguliwe isipasuke, na hita iwashwe hata miezi ya joto ili isikwame. Na akisikia harufu tamu kabini au kioo kikipata ukungu wa mafuta, ajue maji ya injini, yale yaliyotiwa dawa ya kuzuia kuganda, yanavuja, asimamishe kazi.

Sasa kaunta hii naiacha mikononi mwako. Mteja akiingia, muulize habari za mashine kabla hujagusa boksi, na muulize nani atakaa ndani yake. Hita kubwa kupita kabini ni hasara, ya dizeli bila bomba ni jeneza. Ukilazimika kukataa, kataa, lakini usiishie hapo. Mwonyeshe kilicho sahihi, hata kama kipo kwa jirani, hata kama itabidi umfuate.

Mungu akupe macho ya kumwona dereva aliyesimama mlangoni, akupe miguu ya kumfuata, na popote mashine ulizozihudumia zitakapokuwa, wenye kuziendesha warudi kwao salama. Amina.