Maua na Mwanzo wa Jicho

Watu wa Msasani, hii ya milimani Mbeya, walimjua Tupokigwe kwa mambo mawili: ndizi zake hazikuwa na michubuko, na yeye ndiye aliyetunga fumbo la maneno lililotoka kila wiki katika gazeti dogo la Mbeya. Zamani alikuwa mpiga chapa katika chama cha ushirika. Watu binafsi waliporuhusiwa kununua kahawa, ushirika ukasinyaa, wafanyakazi wakapunguzwa, na Tupokigwe akarudi nyumbani kufungua genge la mbao kando ya barabara. Magazeti nayo yalikuwa yanachipuka kama uyoga siku hizo. Aliandika fumbo la kwanza kwa kujiliwaza tu, akalituma, likachapwa, na tangu hapo akawa hawezi kuona neno bila kulikata vipande.

Jirani yake, Ahmadi, alikuwa fundi cherehani ambaye babu yake alitoka Kilwa. Gazeti likifika, Ahmadi aliacha nguo ya mtu kwenye mashine akaja kukaa kwenye benchi la genge, kalamu sikioni.

"'Baba, raha zimeficha nchi iliyo mbali na pwani,'" alisoma siku moja. "Herufi nne. Dada Tupo, hapa umenitupa porini."

"Sijakutupa. Kila kidokezo kina pande mbili. Upande mmoja unakupa maana, upande wa pili unaficha herufi zenyewe. Nchi iliyo mbali na pwani, hiyo ni maana. Nani ameificha?"

"Baba na raha."

"Basi wapekue. Mwisho wa baba, mwanzo wa raha."

Ahmadi akatembeza kalamu juu ya maneno. "Ba... ra. Bara! Lahaula, wewe mwanamke ni mchawi."

Wateja wakacheka, na Tupokigwe akacheka nao. Wakati ule neno hilo lilikuwa bado la utani.

Mvua za mwaka ule zilipozidi, Anyosisye, mlinzi wa ghala la kahawa la ushirika, alikutwa amekufa mtoni, chini ya bonde lililo nyuma ya ghala. Ilisemwa aliteleza. Njia ya kule ni tope tupu, na mtu mzima anaweza kuteleza. Hakuna aliyebisha kwa sauti. Lakini wengi walikumbuka kwamba kabla ya hapo Anyosisye alikuwa akilalamika kilabuni kuwa magunia ya ushirika yanapakiwa kwenye lori la mnunuzi binafsi. Mnunuzi mwenyewe hakumtaja. Hakukuwa na haja. Mwenye malori pale mjini alikuwa mmoja, Godwin.

Wakamzika Nkunga, kijijini alikokuwa akiishi na mkewe. Wiki iliyofuata gazeti likatoka.

Ahmadi alikuja na kalamu yake kama kawaida, akajaza haraka haraka. Alipofika katikati ya jedwali akaacha kuandika. Akasoma kidokezo polepole, kama mtu anayesoma hati ya kuitwa mahakamani.

"'Maua na mwanzo wa jicho: damu ya mtu imemwagika.' Maua. Ji. Mauaji." Akapitisha kidole kwenda chini. "Na hii inayolikata ni 'ghala'. Dada Tupo, umefanya nini?"

Tupokigwe akalivuta gazeti akalitazama. "Nililituma zamani, Ahmadi. Mtu alikuwa bado mzima. Wao huko ndio hukaa nalo mpaka nafasi ipatikane."

"Mimi nakuamini."

Lakini alikunja gazeti akalitia kwapani, na siku ile hakukaa muda mrefu. Kufikia jioni mji mzima ulikuwa umelijaza fumbo lile, hata wasiojua kusoma walisomewa. Sokoni wanawake walimpa Tupokigwe njia apite. Mmoja alimbana mkono akamnong'oneza, "Umesema, mama." Mwingine akamwondoa mtoto wake karibu naye. Kila alikojaribu kueleza kwamba ni bahati mbaya ya maneno tu, watu waliitikia kwa kichwa, kwa heshima, jinsi mtu anavyomwitikia anayeogopa kusema kweli.

Godwin alikuja mwenyewe. Ilikuwa mchana, ukungu umeshuka mpaka barabarani, gengeni hakuna mtu. Alishuka kwenye gari akiwa na mwavuli, akaufunga taratibu, akaketi kwenye benchi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

"Mimi sikusoma sana. Nimesikia una elimu ya mafumbo, nikasema nije nifundishwe." Akatoa gazeti ndani ya koti, akalikunjua juu ya ndizi. Jedwali lilikuwa limejazwa kwa wino mwekundu. "Hili nimelijaza kwa kusaidiwa. Nieleze jinsi linavyokwenda."

Tupokigwe akaeleza. Hakujua afanye nini kingine. Alieleza pande mbili za kidokezo, upande wa maana na upande wa herufi, na sauti yake ikatoka kavu kama ya mwalimu anayekaguliwa. Godwin alisikiliza kwa makini sana. Akaweka kidole kwenye kidokezo kingine.

"'Amani ikirudi kinyumenyume, shusha kichwa.' Hii niliifumbua mwenyewe. Inama." Akatabasamu. "Nimeipenda hii, mama. Mtu akitaka amani, ainame."

"Ni herufi tu, baba. Zimegeuzwa."

"Ni herufi tu." Kidole kikahamia katikati ya jedwali, na tabasamu likaisha. "Maua naelewa. Hayo hata mtoto anayajua. Hilo jicho umelitoa wapi?"

"Nilitaka silabi 'ji'. Ningeweza kusema jiko, au jiwe."

"Lakini ulisema jicho."

"Ndilo lililonijia."

Godwin akamsogelea, mvua ikigonga bati. "Nani alikuambia habari za jicho?"

Tupokigwe hakuelewa swali. Alisema tena kwamba hakuna aliyemwambia lolote. Godwin akasimama, akakunja gazeti.

"Wiki zijazo utaweka neno 'ajali'. Liwe refu kuliko mengine, watu walione."

"Ajali ni herufi tano tu, baba."

"Basi utatafuta namna. Wewe ndiye fundi." Akafungua mwavuli. "Hizi mbao za genge lako zimekauka vizuri. Hata mvua hii haijaziingia."

Gari lilipoondoka, Tupokigwe aligundua kwamba ameshika kichane cha ndizi kwa nguvu mpaka maganda yamepasuka.

Kesho yake alikuja Tusekile, mjane wa Anyosisye. Alikuwa ametembea kutoka Nkunga, sketi imelowa hadi magotini. Hakutaka kuketi. Alishika mikono ya Tupokigwe kwa mikono yake yote miwili na kupiga goti kidogo, kama wanavyofanya wanawake wa kwao mbele ya mtu wanayemheshimu.

"Ndaga fijo, dada. Asante sana. Nilidhani nitakufa na neno hili peke yangu."

"Neno gani, Tusekile? Mimi sijui neno lolote. Nakuapia."

"Basi ulijuaje habari ya jicho?"

Tupokigwe aliketi yeye. 

Tusekile akasimulia. Waliomtoa mtoni waliona uso uliojaa tope tu, na mochwari aliingia yeye na kaka yake peke yao. Jicho la kushoto la Anyosisye lilikuwa limetobolewa kwa kitu chenye ncha, na pembeni mwa kichwa palikuwa pamebonyea. Aliyewahudumia aliwaambia ni mawe ya mtoni, akawasihi wasiwaonyeshe watoto. Jeneza likapigiliwa misumari palepale. Mazishini hakuna aliyeuona uso ule, na ndugu wawili wale waliona aibu kuutaja.

"Hakuna mwingine anayejua?" Tupokigwe aliuliza.

"Mimi na kaka, na yule wa mochwari. Na wewe."

"Na aliyefanya," Tupokigwe alisema.

Kisha akamweleza aliyekuja jana na swali aliloliuliza. Tusekile alifunika mdomo kwa ncha ya kitenge.

Ahmadi aliyasikia yote kutoka barazani kwake. Alizima redio, akaja. "Msiende polisi," alisema. "Yule ana watu kila mahali. Weka hilo neno lake, Dada Tupo. Ajali. Likitoka, watu watasahau."

"Tusekile atasahau?"

 Ahmadi alirudi kwenye cherehani, na hakuigusa.

Wanawake wawili wale walipanda kilima kwenda kituoni. Ofisa aliyewapokea alianza kwa kucheka. Hajawahi, alisema, kuletewa fumbo la gazeti kama ushahidi. Tupokigwe akamwomba kalamu. Akamwandikia kidokezo, akamwonyesha kipande kimoja kimoja, maua, jicho, maana yake, jinsi alivyomweleza Godwin. Kisha akarudia swali la Godwin neno kwa neno, na Tusekile akaeleza alichokiona mochwari. Ofisa akaacha kucheka. Akaenda kufunga mlango, akaanza kuandika maelezo upya tangu mwanzo.

Godwin alikamatwa. Kuli mmoja wa ghala alihojiwa, akasema aliona mlinzi akivutwa nyuma ya malori. Siku chache baadaye akasema hakuona kitu, ilikuwa giza. Kaka wa Tusekile alitoa ushahidi wake bila kuyumba, lakini kaburi halikufukuliwa, na ripoti ya hospitali ilisema mawe. Godwin akatoka kwa dhamana. Msimu wa kahawa ukafunguliwa, ushirika hauna kitu, na malori yake ndiyo pekee yaliyokuja na fedha mkononi. Watu walipanga foleni. Tupokigwe aliwaona kutoka gengeni kwake, wale wale waliomnong'oneza sokoni, wameegemea magunia yao, hawatazami upande wake.

Neno "ajali" hakuliweka. Fumbo aliendelea kulituma, na vidokezo alivipima mara nyingi sasa, akichungulia kila silabi kama anayetafuta jiwe kwenye mchele. Ahmadi hakuja tena kujaza. Alikuwa na kazi nyingi, alisema.

Aliyekuja alikuwa Godwin. Gazeti lilipofika, naye alifika, mchana kweupe, akaketi kwenye benchi lile na kalamu ya wino mwekundu.

"Shikamoo, mama. Leo ya tatu kwenda chini imenishinda. Nieleze."

"Jibu litatoka kwenye gazeti lenyewe," Tupokigwe alisema.

"Sawa. Nitangoja."

Akakunja mguu juu ya mguu, akalitandaza gazeti pajani, akakaa. Mwanamke mmoja alikuja na kikapu kununua ndizi, akamwona, akageuka kama aliyesahau kitu nyumbani. Akaja mwingine, naye akageuka. Tupokigwe akachukua kitambaa, akaanza kufuta ndizi moja baada ya nyingine.